Kufunga geji za joto la moshi, presha ya tabo na joto la maji kwenye Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ

Injini ya 1HZ ilitoka kiwandani bila tabo, yaani kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Ni lita 4.2, silinda sita, pampu ya mafuta ya kimakanika isiyotegemea kompyuta, na geji zilizomo kwenye dashibodi zilimtosha dereva wake. Hesabu inabadilika siku tabo ya kununua inapofungwa na skrubu ya mafuta ya pampu kuzungushwa. Kuanzia hapo hatari ya kwanza haiko tena kwenye maji. Iko kwenye moshi, na dashibodi ya kiwandani haina jicho la kuuona.

Maji ya rejeta ni mengi na hupanda joto polepole. Moshi unaotoka kwenye silinda unaweza kupanda kwa nyuzi joto 200 ndani ya sekunde chache, ukiwa umekanyaga mafuta mlimani huku gia ikiwa kubwa kuliko inavyopaswa. Sindano ya maji inapoanza kusogea, kichwa cha pistoni kimeshapikwa muda mrefu. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na aloi za pistoni hulegea kabla ya hapo. Pistoni inaokolewa na oili na kuta za silinda zinazoipoza, pamoja na ufupi wa muda inaoguswa na moto. Ukiurefusha muda huo, unaondoa ulinzi wake.

Mwongozo huu ni wa geji tatu: joto la moshi, presha ya tabo na joto la maji. Presha ya oili imeelezwa kwa kifupi. Mwenye Hilux ya D-4D, dizeli inayosimamiwa na kompyuta, anaweza kufuata hatua nyingi za hapa, ila kwake joto la maji na presha ya tabo zinaweza kusomwa pia kupitia plagi ya uchunguzi wa kompyuta, hivyo cha lazima kutoboa ni cha moshi peke yake.

Jambo moja la kushika kabla ya kununua chochote: geji ni sensa, na kioo ni mahali pa kusomea tu. Geji ya bei kubwa yenye sensa iliyokaa pabaya inadanganya, na dereva anayedanganywa huendesha kwa ujasiri kuliko asiye na geji kabisa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii iko chini ya boneti.

Kuchagua

Hakikisha kwanza gari ni la volti ngapi. Baadhi ya Land Cruiser zilizotoka Japani zina mfumo wa volti 24. Usihukumu kwa kuona betri mbili, maana betri mbili zinaweza kuwa zimeungwa sambamba na kubaki volti 12. Weka malti mita kwenye waya mkuu unaoingia kwenye boksi la fyuzi. Geji ya volti 12 ikipewa 24 inaungua papo hapo.

Geji ya joto la moshi inunuliwe pamoja na themokapo yake (sensa ya joto yenye nyaya mbili za metali tofauti) ya aina ya K na waya wake wote. Iwe inafika angalau nyuzi 900. Chagua themokapo yenye ganda la chuma kisichoshika kutu, unene wa milimita 3 hadi 6. Zile nyembamba kama njiti husoma haraka, lakini ncha hukatika, na ncha ikikatika mbele ya tabo inaingia moja kwa moja kwenye mapanga ya tabo.

Geji ya presha itoshe bar 0 hadi 2. Tabo nyingi zinazofungwa kwenye 1HZ huendeshwa kati ya bar 0.5 na 0.7, kwa hiyo geji ya bar 4 itakufanya usome kwenye kona ndogo ya kioo. Zile zenye upande wa hasi mrefu zimetengenezwa kwa magari ya petroli. Dizeli hii haina mvuto wa maana kwenye manifodi ya hewa (bomba lenye matawi linaloingiza hewa kwenye silinda), na nusu ya kioo itakaa bure.

Geji ya maji iende na sensa yake. Sensa na geji ni ndoa: ya kampuni moja ikiunganishwa na ya nyingine, ukinzani wa umeme haulingani na namba zinakuwa za kubuni. Kwa sababu hiyohiyo usichukue waya wa sensa ya kiwandani ukaulisha geji mpya. Geji mbili zikigawana sensa moja, zote mbili zinasema uongo.

Vifaa

Geji tatu za milimita 52 na vikombe vyake. Waya wa 0.75 mm²: mita 5 nyekundu, mita 5 nyeusi, mita 3 za rangi nyingine kwa ajili ya taa za geji. Kishikio cha fyuzi kimoja, fyuzi ya ampea 3 na ya akiba. Tamino 20 pamoja na mpira wa kusinyaa kwa moto. Mpira wa silikoni wa ndani milimita 4, mita 3, na klampu ndogo 4. Nipu moja ya 1/8. Adapta ya mpira wa juu wa rejeta na klampu kubwa 2. Gasketi mpya ya kati ya tabo na manifodi. Grisi ya shaba. Maji ya rejeta yenye dawa, lita 4. Bomba la plastiki lenye mikunjo la kufunika waya, mita 3. Drili biti za milimita 3, 6 na 8.5, na tapu ya 1/8 NPT.

Kuhusu tapu, angalia kwa makini. Sensa nyingi za Marekani zina nyuzi za skrubu za kipimo cha NPT, 27 kwa inchi. Toyota kwa kawaida hutumia BSPT, 28 kwa inchi. Zinafanana kwa macho na zinaingia mizunguko miwili ya kwanza bila kukataa, kisha zinakaza. Anayeendelea kulazimisha anapasua bloku au kuharibu nyuzi. Kwenye tundu unalotoboa mwenyewe, kata nyuzi zinazolingana na sensa. Kwenye tundu la kiwandani, tumia adapta ya BSPT kwenda NPT.

Hatua ya 1: pima sensa mezani

Kabla ya kugusa gari, unga kila geji kwenye betri ikiwa juu ya meza. Chemsha maji kwenye sufuria. Tumbukiza ncha ya sensa ya maji, na waya wa ethi (wa hasi) uguse mwili wa sensa. Pwani inapaswa kusoma 100. Maji huchemka chini kidogo kadiri unavyopanda, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300, kwa hiyo Nairobi au Iringa tegemea 94 au 95. Tofauti ya nyuzi 2 au 3 inavumilika. Nyuzi 10 hazivumiliki, irudishe dukani.

Geji ya moshi ikiwa ya dijitali ipime kwenye sufuria hiyohiyo. Ya sindano mara nyingi huanzia juu ya nyuzi 100, basi ipime kwa moto wa gesi: shika ncha kwenye mwali na uone sindano inapanda. Ikishuka, waya za themokapo zimegeuzwa. Hapa wengi hujikwaa, kwa sababu kwenye mfumo wa rangi wa Marekani waya mwekundu wa themokapo ni hasi na wa njano ndio chanya. Mfumo wa kimataifa una kijani kwa chanya na nyeupe kwa hasi.

Geji ya presha ipime kwa pampu ya baiskeli na geji ya matairi, zikiungwa kwa tii, kiungo cha njia tatu. PSI 15 ni bar 1 na kidogo sana juu. Acha presha ikae dakika moja. Ikishuka, kuna kiungo kinachovuja, na ni heri kukijua sasa.

Hatua ya 2: themokapo ya moshi

Toa waya hasi wa betri. Injini iwe baridi kabisa.

Mahali sahihi ni kwenye manifodi ya ekzosi, kabla ya tabo, pale matawi yanapokutana. Wapo wanaofunga baada ya tabo kwa kuogopa ncha kukatika. Hoja yao ina uzito, lakini moshi ukishapita tabo umepoteza nguvu na joto, na tofauti hiyo haikai sawa. Inaweza kuwa nyuzi 100 ukitembea taratibu na karibu 200 ukiwa mlimani na mzigo, yaani inakuwa kubwa pale hasa unapohitaji ukweli. Funga kabla ya tabo, na ununue themokapo nzuri.

Ondoa tabo, au manifodi nzima kama bolti zinakubali kutoka. Kutoboa tabo ikiwa mahali pake, ukitegemea sumaku na grisi kukamata vumbi la chuma, kunafanywa na mafundi wengi, lakini chembe moja inatosha kung'ata mapanga yanayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Gasketi moja na nusu siku ya kazi ni bei ndogo.

Ukishaitoa, angalia ndani. Manifodi nyingi za tabo kwenye injini ya silinda sita zina ukuta wa kati unaotenga silinda tatu za mbele na tatu za nyuma. Usitoboe kwenye ukuta huo. Chagua upande mmoja, mahali penye unene wa chuma wa angalau milimita 6, pasipogusa bomba la oili la tabo na panapofikika kwa spana baadaye. Tia alama kwa patasi ya ncha.

Chuma cha kutupwa hutobolewa kikavu, bila oili, kwa mwendo wa polepole. Anza na 3, kisha 6, kisha 8.5. Shika drili wima. Vumbi litoke jeusi kama unga. Likianza kutoka linang'aa na drili inalia, biti imechoka, badilisha kabla haijachoma chuma na kukifanya kigumu.

Kata nyuzi kwa tapu, nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Nyuzi za NPT zina umbo la koni, kwa hiyo ukiizamisha tapu yote tundu linakuwa pana na kiungo hakitakaza kamwe. Kata kidogo, toa, jaribu kiungo kwa mkono. Kikiingia mizunguko mitatu au minne kwa vidole, inatosha. Spana itamalizia mzunguko mmoja na nusu.

Safisha kwa upepo wa kompresa, kisha kwa kitambaa. Paka grisi ya shaba kwenye nyuzi. Tepu nyeupe ya mafundi bomba isitumike hapa, haihimili joto la manifodi.

Ncha ya themokapo ikae katikati ya njia ya moshi. Njia ikiwa na kipenyo cha milimita 40, ncha iingie milimita 20 ndani yake. Ikigusa ukuta wa upande wa pili inasoma joto la chuma, ambalo liko chini na hubadilika polepole. Ikiwa fupi mno na kujificha ndani ya tundu, inasoma vivyo hivyo.

Rudisha tabo na gasketi mpya. Kabla ya kufunga bomba la oili, mimina oili safi ndani ya tabo na uizungushe kwa kidole.

Waya wa themokapo una sheria yake. Usiukate ukauunga kwa waya wa kawaida wa shaba. Themokapo hutoa umeme mdogo sana, takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya joto, na kila mahali ambapo chuma cha aina moja kinakutana na cha aina nyingine panazalishwa umeme mwingine. Ukiunga shaba karibu na injini, geji itaanza kuhesabu joto la boneti badala ya la kabini, na kosa litakua kadiri injini inavyopata moto. Waya ukiwa mfupi, nunua waya wa kurefushia wa aina ya K. Ukiwa mrefu, ukunje nyuma ya dashibodi.

Hatua ya 3: presha ya tabo

Presha ichukuliwe kwenye manifodi ya hewa au kwenye bomba linaloingia hapo, baada ya intakula (kipozeo cha hewa ya tabo) kama ipo. Ukichukua kwenye mdomo wa tabo utaona presha ambayo injini haiipati yote, na mpira uliopasuka katikati ya njia hutaugundua.

Kama pampu yako ina kifaa cha kuongeza mafuta kwa presha, kuna mpira mdogo unaotoka kwenye manifodi kwenda kwenye pampu. Ni rahisi kuweka tii hapo, na ndiyo sababu wengi huiweka. Ubaya wake ni kwamba uvujaji wowote kwenye mpira wa geji unainyima pampu presha, gari linakosa nguvu, na fundi anayefuata anaanza kulaumu nozeli. Weka nipu ya peke yake: ondoa bomba la aluminiamu, toboa, kata nyuzi, funga nipu, osha, rudisha.

Mpira wa milimita 4 upite mbali na ekzosi, sentimita 10 au zaidi, na uteremke kuelekea injini. Hewa ya tabo hubeba mvuke wa oili na unyevu. Mpira ukining'inia katikati, matone yanakusanyika hapo na sindano inakuwa nzito. Sindano ikitetemeka sana, weka ndani ya mpira kizibo chenye tundu la milimita 1.

Geji za umeme zenye sensa inayopima kuanzia ombwe kamili zina tabia ya kuwashtua watu wa nyanda za juu. Injini ikiwa imezimwa Iringa, geji inaweza kusoma hasi ya karibu bar 0.15. Haijaharibika. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na geji inasema hivyo.

Hatua ya 4: joto la maji

Geji ya maji ya Toyota imetengenezwa ili isimsumbue dereva. Sindano hukaa katikati kwenye eneo pana la joto, na inapoanza kupanda umebaki na muda mdogo. Ndiyo maana inafaa kuongeza yenye namba.

Njia ya kawaida ni adapta inayokatwa katikati ya mpira wa juu wa rejeta. Pima kipenyo cha ndani cha mpira kabla ya kununua, adapta zinauzwa kwa saizi za milimita. Punguza maji kama lita 3 kupitia koki ya chini ya rejeta, injini ikiwa baridi. Chagua sehemu iliyonyooka ya mpira, ondoa kipande cha urefu wa tumbo la adapta, ingiza, kaza klampu.

Kosa kubwa la hapa ni ethi. Sensa yenye waya mmoja hutumia mwili wake kama hasi, na adapta imezungukwa na mpira pande zote mbili. Bila ethi, sindano hailali wala haiamki. Adapta nyingi zina skrubu ndogo kwa kazi hiyo, hapo funga waya mweusi uende kwenye bolti ya injini. Na usizungushe tepu nyingi kwenye nyuzi za sensa, zunguko moja na nusu linatosha, maana tepu nayo huzuia umeme.

Fahamu mipaka miwili ya mahali hapa. Maji moto hayapiti kwenye mpira wa juu hadi thamostati, vali inayofunguliwa na joto, ifunguke, hivyo geji itakaa chini kwa dakika kadhaa kisha itaruka ghafla thamostati inapofunguka. Hilo ni la kawaida. La pili ni zito zaidi: mpira ukipasuka na maji yakaisha, sensa inabaki hewani na kusoma joto la chini wakati silinda hedi inaungua. Kwa gari la safari za mbali, ongeza sensa ya pete inayobanwa kwenye chuma cha silinda hedi, yenye king'ora. Ibane chini ya bolti ya kishikio kilichofungwa kwenye hedi, na usiiweke kamwe chini ya bolti inayoshikilia hedi yenyewe.

Jaza maji, washa injini mfuniko ukiwa wazi, fungua hita, na subiri mapovu yaishe.

Presha ya oili, kwa anayeitaka

Tumia ya umeme. Ya kimakanika hupeleka oili yenye moto hadi ndani ya kabini kwa kibomba chembamba, na mtikisiko wa barabara ya vumbi ukikikata, oili inamwagikia miguu ya dereva huku injini ikiishiwa. Weka tii kwenye tundu la sensa ya kiwandani ili zote mbili zifanye kazi. Tii ndefu yenye sensa mbili nzito ikining'inia kwenye bloku huvunjika shingo kwa mtikisiko, hivyo ni vyema kuihamisha kwa mpira mfupi wa presha na kuifunga kwenye bodi. Ukifanya hivyo, kumbuka ethi tena. Injini ikiwa moto, oili isishuke chini ya bar 0.3 ukiwa hujakanyaga mafuta, na kwenye mizunguko 3,000 iwe kati ya 2.5 na 6.

Hatua ya 5: waya

Tafuta kwenye boksi la fyuzi mahali panapopata umeme swichi ikiwashwa tu. Thibitisha kwa malti mita, usitegemee rangi za waya, hasa kwenye gari lililokwisha pitia mikono ya mafundi redio. Chukua umeme hapo kupitia fyuzi ya ampea 3. Geji tatu hazifiki ampea moja.

Taa za geji zipate chanya kwenye fyuzi ya taa ndogo, na hasi iende kwenye bodi. Usiunge kwenye waya wa swichi ya kupunguza mwanga wa dashibodi. Toyota nyingi hupunguza mwanga kwa upande wa hasi, na ukichanganya hapo taa zinapata umeme kwa njia ya kinyume.

Ethi za geji zote zikutane kwenye bolti moja ya bodi, rangi ikiwa imekwanguliwa hadi chuma. Kisha kagua waya mnene wa ethi kati ya injini na bodi. Kwenye magari ya zamani huwa umeoza ndani ya ganda. Washa taa kubwa na feni, weka malti mita kati ya bloku ya injini na bolti ya ethi ya geji. Ikizidi volti 0.1, badilisha waya huo kabla ya kuendelea.

Pitisha waya kwenye tundu la kiwandani lenye mpira, katika ukuta unaotenga injini na kabini. Ukitoboa tundu jipya, weka mpira wake, la sivyo bati litakula waya polepole. Viungo vibanwe kwa tamino na kufunikwa kwa mpira wa kusinyaa. Waya uliolehemiwa hukakamaa na kukatikia pale ulehemu unapoishia, gari likiishi kwenye njia mbovu.

Vikombe vya geji vikae mahali ambapo jicho linafika bila kichwa kugeuka. Ya moshi iwe ya karibu zaidi. Nguzo ya kioo cha mbele ni mahali pazuri, ila kwenye pikapu mpya zenye mfuko wa hewa ndani ya nguzo, paache kabisa. Kikombe kinaweza kurushwa usoni.

Hatua ya 6: kuwasha na kupima barabarani

Rudisha betri. Washa injini na ukague uvujaji: moshi kwenye themokapo, maji kwenye adapta. Bila kukanyaga mafuta, moshi utasoma kati ya 120 na 200.

Tafuta mlima mrefu. Kwa anayetoka Dar, Kitonga kabla ya Ilula inatosha. Nairobi, tumia mpando wa kutoka Mai Mahiu kurudi juu kuelekea Limuru. Panda na mzigo wako wa kawaida, na mwenzako aandike namba wewe ukiendesha.

Barabara tambarare, tegemea 350 hadi 500. Mlimani 600 na ushee ni kazi ya kawaida. Weka king'ora kwenye 680. Ikifika 700 na bado inapanda, punguza mguu na shusha gia. Gia ndogo huongeza mizunguko, pampu ya maji na tabo zinafanya kazi zaidi, na kila kipigo cha injini kinahitaji mafuta machache. Dereva wengi hufanya kinyume, wanabaki gia ya nne na kukanyaga hadi chini, na hapo ndipo pistoni zinapokufa.

Soma geji kwa pamoja. Moshi uko juu na presha iko chini: hewa haifiki, angalia chujio, mpira wa intakula na klampu, pia mkonga (bomba la kuvutia hewa kutoka juu) kama umezibwa na vumbi au nyasi. Moshi uko juu na presha ni ya kawaida, na nyuma kuna wingu jeusi: mafuta ni mengi, skrubu ya pampu irudishwe robo mzunguko na kupimwa tena mlima uleule. Presha inapita 0.8 bila kusimama: westigeti (mlango unaozuia presha ya tabo isizidi) imekwama au mpira wake umechomoka, usiendelee na safari. Maji yanapanda huku moshi ukiwa wa kawaida: tafuta kwenye rejeta, feni au mkanda, tabo haihusiki.

Na kama geji yenyewe ndiyo mgonjwa: sindano ya maji inayopanda unapowasha taa ni ethi. Geji ya moshi inayoshuka mafuta yakikanyagwa ni waya zilizogeuzwa. Inayorukaruka barabara ikiwa mbovu ni tamino iliyolegea, au waya uliogusa chuma baada ya kuchunika.

Kabla ya kuzima injini baada ya mlima au mzigo, subiri moshi ushuke chini ya 200. Oili iliyosimama ndani ya tabo yenye moto huungua na kuacha masizi kwenye beringi.

Baada ya kilomita 500 kaza upya klampu za adapta na bolti za tabo, injini ikiwa baridi. Kila mwaka toa themokapo uitazame ncha. Ikiwa imeliwa na kuwa nyembamba, imepinda au ina ufa, weka mpya siku hiyohiyo.